Sumaku Mkononi mwa Mteja

Saa mbili asubuhi, Msambweni. Bi Mwanaima, mwalimu mstaafu, anaizunguka Foksi nyeupe, Volkswagen ya zamani, katika gereji ya Swabir Mbwana. Mkononi ana sumaku ya spika mbovu, ameifunga kwenye pembe ya leso isikwaruze rangi. Inanata mlangoni. Inanata kwenye boneti. Chini ya taa ya nyuma inaanguka, puu!

"Ehe! Fundi, hapa pana nini?"

"Fila, mama," anajibu Swabir. "Hapo hapana bati."

Swabir, 43, huyafufua magari ya zamani, matatu kwa mwaka yakizidi. Kila mteja mgeni humpa sumaku akague gari alilokwisha kulitengeneza. Sumaku hushika bati, haishiki fila, ile dawa ya kuzibia matobo. Upepo wa chumvi huku hula magari kimyakimya, na fila ikipakwa rangi huuficha uozo kwa muda tu.

Bi Mwanaima anayajua hayo. Pijo 404 ya marehemu mumewe iliwahi kurudi kwa fundi mmoja ikimeremeta kama sahani ya Idi. Masika mawili hayajapita, mguu wa Bi Mwanaima ukatoboa sakafu.

"Hii ni gereji ya nne mwezi huu," anasema. "Nikikosea tena, sina gari, nina vyuma chakavu."

Swabir hana kazi kubwa tangu miezi minne iliyopita. Hata hivyo hajitetei. Anampa nambari ya mwenye Foksi, Abdurahman wa Diani, aliyeileta kubadilishwa oili, kisha anatoka nje ili wazungumze kwa uhuru.

"Chini ya taa ya nyuma?" Abdurahman anacheka kwenye simu. "Aliniita nikaliona tobo kabla hajaziba. Akaniambia, 'Kaka, kona hii imenishinda kuikunjia bati, nitaziba kwa fila.' Tena hunigombeza nisipoosha chumvi!"

Bi Mwanaima anatoka akitikisa kichwa. "Nimesomesha miaka thelathini na mmoja, sijaona mwanafunzi wa kunionyesha kosa lake mwenyewe. Haya, mwanangu, shika ufunguo wa Pijo."

Swabir anaupokea kwa mikono miwili, meno yote nje. Sakafu nzima itakuwa bati jipya, na anatumaini kumaliza kabla ya Ramadhani.

"Marehemu hakuniachia usukani hata siku moja," Bi Mwanaima anamnong'oneza.

"Basi Idi utaendesha wewe, mama, mpaka Shimoni. Mimi nitakaa kushoto nikuelekeze."

"Nikigonga mnazi je?"

"Gonga tu, mama. Bati nitalinyoosha."