Fundi Asiyehifadhi Kabla ya Kujaribu

Fundi wa mutandao ana macho mekundu na vidole vya pole pole. Kompyuta sita za labo ya Maman Consolate, anayepima damu hospitalini, zinapaswa kutoka kwenda intaneti kwa anwani moja tu, naye anaandika kanuni ndani ya pare-feu, ukuta wa kulinda mutandao, akinong'ona kila namba. Hahifadhi kitu ambacho hajakijaribu. Umeme umekatika mara mbili ukafuta yote, na mara mbili ameanza upya bila kuguna.

"Papa technicien, hifadhi basi! Docteur anangoja majibu ya damu ya ule mutoto."

"Na kama iko na kosa, maman?"

"Tutakuwa na kosa. Sasa hatuna hata kitu."

Fundi akafumba macho kama anayemeza kinini, akabonyeza. Umeme ukakatika tena. Uliporudi, kanuni zilikuwa bado zipo, majibu yakaenda. Ndipo fundi akaomba kiti. Tangu asubuhi alikuwa amesimama.