Simu moja ya waliochoka kuishi

Jumanne, saa tisa ya mchana, dada yangu mkubwa aligeukia ukuta akaniambia, "Nimechoka kuishi. Usimwambie mama."

Mama alikuwa ameenda soko la Yanonge kununua samaki. Katika kaye yangu ya shule nilikuwa na namba ya simu niliyoinakili parokiani, ya kuomba musaada kama mutu anataka kujiua. Sikuwa na unité za kupigia simu, tena niliona haya kusema na nisiyemjua. Basi nikafanya kama wote hapa Kisangani: nikabip, simu ikilia kidogo nakata, nikangoja waniite. Nikabip mara tatu. Hawakuita. Sikuondoka karibu na dada tena.

Kesho yake asubuhi nikamshika mkono, tukaenda kwa miguu hadi parokiani, kwenye chumba cha simu ile. Tulikuta mama mmoja na simu moja.

"Ni wewe ulibip?" akaniuliza. "Bon, binti yangu, wote wanabip. Nikirudishia mmoja, wengine wanakuta laini iko occupé, hawapiti."

Akamkalisha dada, akaanza kumusikiliza. Simu ikalia mezani, na safari hii haikukatika. Mama yule alikuwa ameshika mikono ya dada, akanitazama tu. Nikaichukua.

"Usikate," nikasema. "Ungoje kidogo, anakuja."