Mama Alipigiwa Simu na Sauti Yangu

Siku mama yangu aliponinunia, alikuwa amepigiwa simu na mimi.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimempigia.

Mchana ule nilikuwa jikoni kwa kaka yangu, nachambua mchele, simu imezimika kwa kuisha chaji tangu asubuhi. Nilipoiwasha jioni nikampigia mama kumsalimia, kama kawaida yangu. Akaitikia kama mtu aliyetafuna limau.

"Umeshamaliza kazi zako?"

"Kazi gani, mama?"

"Si umenipigia mchana. Nakuuliza umekula, unaniambia nibonyeze moja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nimekuita jina lako. Nimekuita hata lile la utotoni. Unaniambia hujanielewa. Mimi mama yako, leo hunielewi?"

Akakata simu.

Naomba niende polepole hapa, maana nikilirukia jambo hili mtadhani natunga.

Mimi ni msomaji wa habari. Sikusomea. Nilijifunza mwenyewe nikiwa msichana, kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sabuni, kichwa changu kikiwa ndani ya ndoo tupu ili niisikie sauti yangu vizuri. Majirani walidhani nimepandwa na kitu kichwani.

Mama akawaambia, "Mwacheni. Anatafuta kazi humo."

Na kazi ikapatikana. Mzee aliyenipokea redioni alinifundisha mambo mawili tu.

La kwanza, usiwasomee watu wote. Chagua mtu mmoja, umsomee yeye, na wengine watajiona wao ndio huyo mmoja.

La pili, usikohoe hewani. Pale mezani palikuwa na kitufe. Kikohozi kikija unakibonyeza, maikrofoni inazimika, unakohoa, unarudi. Msomaji anayesikika akikohoa, mzee alisema, ni kama bwana harusi aliyesahau kuvaa viatu.

Mtu wangu nilimchagua mama. Wakati ule macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na redio ndiyo ikawa dirisha lake. Habari zangu zikianza, kwake kila mtu ananyamaza. Hata paka anatolewa nje.

Halafu mwenye kituo akakiuza. Aliyenunua alitaka muziki mtupu. Sisi wa habari tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa.

Nikahamia kwa kaka, nikasota mpaka mtoto wake, niliyemkuta akibebwa mgongoni, akaanza kunisomea mabango ya barabarani.

Sikukaa bure. Niliomba kazi kila mahali penye maikrofoni. Ofisi moja nilikutana na mhariri mwenye miwani ya kamba, akasoma wasifu wangu, akaniangalia juu ya hiyo miwani.

"Mbona hapa kuna pengo?"

"Nilikuwa natafuta kazi."

"Muda wote huu?"

Sasa unamjibu nini mtu kama huyo. Nikasema ndiyo. Akasema tutakuita.

Mtaani wakanibatiza "Taarifa". Nikipita kijiweni lazima mmoja aulize, "Taarifa, leo kuna nini?" Mwanzoni nilikuwa nawasomea habari mbili tatu, wanapiga makofi. Baadaye nikawa napita njia ya nyuma.

Wifi yangu naye si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna kile kitufe.

"Taarifa, unga umekwisha. Hiyo ndiyo habari kuu. Sasa tuletee na ya kimataifa."

Mama alikuwa hajui utani huo. Yeye anaishi kwake, amekataa kuhama kwa sababu kuta za nyumba ile anazijua kwa mikono. Macho yalikuwa yameshakwenda kabisa. Kila nikimpigia swali lake lilikuwa moja.

"Utasoma lini tena?"

"Karibuni, mama."

Nilichokuwa nakitafuta ni hicho. Nirudi hewani angalau jioni moja, mama akiwa bado yupo wa kumtoa paka nje.

Siku moja akanipigia fundi mitambo wa kile kituo chetu cha zamani.

"Dada, ile sauti bado unayo?"

"Ningeipeleka wapi?"

"Kuna kampuni inatafuta msomaji. Nimekutaja."

Nikaenda. Ofisi yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la vioo. Chumba kimoja wamekibandika sponji kuta zote mpaka dari. Msimamizi alikuwa binti mdogo kwangu, hedifoni zimening'inia shingoni kama mkufu.

Nikaanza kumweleza kuhusu lile pengo kabla hajaliuliza. Akanikatiza kwa upole.

"Dada, muda uliokaa nyumbani haunihusu. Nataka sauti."

Nawaambia ukweli, kwa neno lile ningeweza kumpigia deki ofisi nzima.

Akanieleza kazi. Hatua ya kwanza ni kurekodi sentensi. Hatua ya pili ni habari. Kuna kituo kipya kinafunguliwa, na wao ndio watakaokitengenezea taarifa za kila saa.

Nilikuwa na maswali. Mimi ni mtu wa maswali, nikinunua ufagio nauliza unakaa muda gani. Siku ile nikayameza yote. Niliogopa nikiuliza sana, kile kiti kitavutwa nyuma.

Nikasaini. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu mwili ulikataa kukaa.

"Basi nitakusikia kabla sijafa," mama akasema kwenye simu.

"Utanisikia, mama."

Tukarekodi. Sentensi zenyewe zilikuwa za ajabu kidogo, hazina mwanzo wala mwisho. Majina ya miezi. Tarakimu. "Tafadhali subiri." "Samahani, sijakuelewa." "Maji yatakatika." Hiyo ya maji nikaisoma kwa furaha, nikaisoma kawaida, nikaisoma kwa masikitiko. Nikajiambia hii ni ya kulegeza koo, nyama iko mbele.

Nikikohoa, msimamizi ananionesha kwenye kompyuta. Kikohozi kinaonekana kama kichuguu. Anakigusa, kinapotea.

"Hata pumzi tunazipunguza," akasema. "Isikike safi."

Tukafika kwenye sentensi za huruma. "Pole kwa usumbufu." Nikaisoma. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni pole ya karani. Nipe pole ya mtu."

Nikajaribu tena na tena. Akatikisa kichwa tena na tena.

Ndipo nikafanya kile nilichofundishwa. Nikafumba macho, nikamwona mama asubuhi, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inapapasa sakafuni kutafuta ndara. Nikamwambia yeye.

"Pole."

Msimamizi akavua hedifoni.

"Hiyo," akasema polepole. "Zote zilizobaki fanya hivyo hivyo."

Nikafanya. Siku zote zilizobaki mle ndani sikusomea kampuni, nilimsomea mama. Salamu, pole, asante, karibu tena, zote zilikuwa zake. Nilitoa mpaka zile za akiba.

Tukamaliza. Wakanishukuru, wakanilipa, wakasema nikapumzike, wataniita kwa hatua ya pili.

Wifi akaanza kuniita "mfanyakazi". Nami nikawa nashinda na simu mkononi, ikiisha chaji natafuta umeme kama mgonjwa anatafuta hewa.

Mchana ule mmoja nilioisahau imezimika, ndio mama akapigiwa.

Asubuhi yake nikaenda kwake. Nilimkuta sebuleni, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umenielewa?"

"Mama, yule hakuwa mimi."

"Mimi nimekuzaa. Kuna watu wangapi wananiambia pole vile? Ile pole ni mimi niliyekufundisha, ulipokuwa ukianguka."

Kabla sijajibu, simu yake ikaita.

Akaipokea, akaiweka sikioni. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nikasikia kila neno.

"Habari. Pole kwa usumbufu. Maji yatakatika katika eneo lako kesho, kwa ajili ya matengenezo."

Ilikuwa sauti yangu. Siyo inayofanana na yangu. Ilikuwa yangu yenyewe, ile ya kumsemesha mama.

Mama akanyoosha mkono wa pili hewani, akanitafuta. Akagusa bega, shingo, kidevu. Akaweka vidole vyake juu ya midomo yangu.

Midomo ilikuwa imefumba.

Simu ikaendelea kusema. "Kusikiliza tena, bonyeza moja."

Vidole vyake vikakaa pale pale mpaka simu ilipokatika.

"Sasa," akauliza kwa sauti ya chini, "kati yenu ni yupi wangu?"

Nikamshika mkono, tukakaa.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka juu ya duka la vioo.

Msimamizi alinipokea vizuri tu. Akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa. Nikamwambia simu ya maji imempigia mama kwa sauti yangu.

"Ndiyo, idara ya maji ni wateja wetu. Wamefurahi sana. Wanasema watu wamepunguza matusi."

"Na hatua ya pili?"

"Imeanza wiki hii. Hujasikiliza?"

Akabonyeza. Nikajisikia nasoma habari za asubuhi ile. Ajali ya lori, bei ya mafuta, mvua inakuja. Habari ambazo sijawahi kuziona. Nilikuwa nasoma vizuri mno, mwanzo mpaka mwisho, bila kuvuta pumzi.

"Nani amesoma?"

"Mashine. Lakini ni wewe, dada."

"Kama ni mimi, mbona asubuhi hii nilikuwa kwa mama?"

Nikaona kweli anatafuta jibu.

"Nilidhani fundi alikueleza," akasema.

Nilipomuuliza fundi, akasema alidhani wao walinieleza. Nimelipima jambo hili kila upande, na bado siwezi kusema kuna aliyekaa akapanga kuniumiza. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema. Na mimi mwenye haki ya kuuliza, nilinyamaza ili nisionekane msumbufu.

Ila kutopanga hakukunirudishia kitu.

Hapo ningeishia, ingekuwa habari ya mtu aliyepoteza kazi, na hizo mnazisikia kila siku. Lakini kulikuwa na mkia.

Baada ya muda nikapata mwito. Kituo kikubwa, habari za jioni, studio yenye mtu ndani yake. Nikaingia kwenye usaili, na nani amekaa pale? Yule yule mhariri wa miwani ya kamba.

Hakunikumbuka. Safari hii hakugusa habari ya pengo, maana lilikuwa limezibwa na kazi ile ya kurekodi. Akanipa taarifa, akasema soma.

Nikasoma. Nikamsomea mama, sijui namna nyingine.

Katikati ya taarifa nikaona mkono wake unaingia mfukoni, unatoa simu, kidole kinapapasa kwenye kioo kutafuta pa kukatia. Simu yenyewe ilikuwa haijaita.

Akashtuka, akairudisha mfukoni.

"Samahani. Mkono umeenda wenyewe."

Nikamaliza kusoma. Akavua miwani, akaifuta taratibu, na hilo kwangu likatosha kuwa jibu.

"Unasoma vizuri kuliko wote niliowasikia mwaka huu," akasema. "Lakini hii ni ile sauti ya maji. Watu wakiisikia wanakata. Nikikuweka hewani saa ya habari, watazima redio kabla hujafika habari ya pili."

"Ndiyo sauti yangu," nikamwambia. "Sina nyingine."

"Najua. Laiti ungekuja mapema."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimeshakuja mapema. Nilikaa kwenye kiti kile kile, nikiwa na sauti isiyojulikana na mtu, akaniuliza mbona kuna pengo.

Sikumwambia. Nikashukuru, nikatoka.

Kijiweni siku hizi wananitania vingine. Nikiwasalimia, wanajifanya wanachota ndoo haraka kabla maji hayajakatika. Wifi amenikataza kumpigia simu kwa sababu anakata bila kukusudia, kisha anaona aibu. Mimi sasa hivi nafundisha watoto wa jirani kusoma kwa sauti. Nawapa na ndoo.

Somo langu ni fupi, nanyi mlichuje.

Ukikaa muda mrefu bila kazi, siku utakayofunguliwa mlango utataka kutoa kila ulichonacho, ili wasikurudishe nje. Fanya kazi kwa bidii, lakini uliza. Uliza hata kama sauti inatetemeka. Na kuna kitu kimoja ulichokiweka kwa ajili ya mtu mmoja nyumbani kwako. Hicho kiache nyumbani.

Mama hajapona na jambo lile. Mashine bado inampigia, tena inampigia kuliko mimi. Akipokea simu na kusikia sauti yangu, ananyamaza kwanza, anasubiri ajue ni nani.

Kwa hiyo tumewekeana alama.

Mimi niliyefundishwa kwamba msomaji hakohoi, mimi niliyekaa redioni kidole kikiwa juu ya kitufe, sasa kila nikimpigia mama naanza kwa kukohoa.

Nakohoa vizuri, mpaka kifua kinauma.

Ndipo anasema, "Haya, mwanangu. Umekula?"