Doa jeusi kwenye wayo wa baba, na pini niliyoshika mimi

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mama mtu mzima wa Masisi, upande wa Lushebere. Macho yamechoka, kwa hiyo nasema na mjukuu anachapa. Makosa ya herufi mdaini yeye. Yaliyobaki ni yangu, na sijaongeza chumvi.

Jana nimesomewa uzi humu, mtu anasema kansa ya ngozi ni ya wazungu na maalbino, sisi wengine tulale usingizi tu. Nilikasirika. Leo nasema.

Ilikuwa miaka ya sitini, baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Baba alilima maharage na mihogo. Maharage yakizidi, aliyabeba kupitia Kalembe mpaka Walikale, akarudi na mawese. Njia yote hiyo pekupeku. Viatu alikuwa navyo pea moja, vya kanisani.

Mliokulia mjini labda hamjui funza wa miguuni. Kadudu kanaingia kwenye ngozi, kanajaa mayai, wewe unaona kidoti cheusi kinachowasha. Kwetu kila Jumamosi mchana watu walioshana miguu na kutoana funza kwa pini, maana kesho yake ni misa.

Kazi ile hupewi hivi hivi. Inataka mkono mwepesi, kifuko cha mayai kitoke kizima bila kupasuka. Nyumbani mkono huo ulikuwa wangu. Mama alinipa mguu wake, shangazi alikuja na wake, hata majirani. Nilijivuna sana, siwafichi.

Jumamosi moja nikaona kidoti cheusi kwenye wayo wa baba, karibu na kisigino. Nikachimba. Ikatoka damu tu.

"Papa, iko inauma?"

"Hapana. Toa tu, mama."

Wiki iliyofuata kipo. Nikachimba tena, nikapaka petroli ya taa. Ikawa hivyo miezi mingi. Doa likatanuka, kingo zake hazieleweki, hapa jeusi tii, pale kahawia. Likafika ukubwa wa punje ya haragwe.

Funza gani hawashi na hatoki? Nilijiuliza, nikanyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa kukubali kwamba mkono wangu umeshindwa. Hilo kosa ni langu kweli.

Mwishowe mama akampeleka dispensari, nami nikafuatana nao. Madaktari wa kizungu walishaondoka baada ya uhuru, alibaki muuguzi mmoja na kitabu cha Kifaransa chenye picha. Akakifungua. Niliona kwa macho yangu mgongo wa mzungu wenye doa lilelile. Baba akaweka kidole juu ya picha.

"Si njo hii yangu?" Yaani, si ndiyo hii.

Muuguzi akacheka kidogo. "Hapana, Papa. Hii iko ugonjwa ya wazungu, inatoka mu jua. Na jua itafika namna gani chini ya muguu?"

Akafunga kitabu. Akaandika "kidonda", akatoa dawa ya kupaka. Wakuu, baba yangu hakujua kusoma, lakini siku ile ni yeye aliyesoma vizuri.

Akaendelea kubeba maharage. Halafu ukatokea uvimbe kwenye kinena, mgumu, hauumi. Watu wakasema ni mtoki wa kidonda, utashuka. Haukushuka.

Tukasikia Walikale kuna daktari mgeni. Njia ambayo baba aliizoea na mzigo mgongoni, safari hii alibebwa yeye, kwenye machela ya miti.

Daktari alitazama wayo mara moja, akapapasa kinena muda mrefu. Akasema Kifaransa, msaidizi wake akamgeuzia mama maneno.

"Mama, hii iko kansa. Kama mulikuya wakati iko kadogo, tungekata tu kipande ya muguu. Sasa imepanda. Murudie naye nyumbani."

Mama akauliza kama ni pini ndiyo iliyoleta. Msaidizi hakumuuliza daktari. Alijibu mwenyewe, "Pini nayo haikusaidia," akaita mgonjwa mwingine.

Baba alikufa kabla ya kuvuna.

Msibani shangazi, dada yake baba, akanigeukia mbele ya watu. "Wewe njo uliacha kichwa ya funza ndani." Hakuna aliyembishia. Mama alikuwa amekaa palepale.

Tangu siku hiyo mama hakunipa mguu wake tena. Hakunipiga, hakunitukana, aliniozesha vizuri. Lakini Jumamosi ikifika alichukua pini yake akaenda kwa jirani.

Niliishika tena miguu ya mama alipofariki, siku ya kumwosha kwa ajili ya mazishi. Kwenye kidole kidogo kulikuwa na funza. Nikaomba pini, nikamtoa. Alitoka mzima.

Miaka ikapita, binti yangu akasomea uuguzi. Nikamsimulia. Akasema bila kusita kwamba sisi weusi kansa hii ikitupata, mara nyingi inakaa kwenye wayo, kiganja au chini ya kucha, na huko jua halina kesi. Pini haikuileta. Kilichomuua baba ni kuchelewa: doa likikatwa lingali jembamba, halijazama ndani, mtu ana nafasi, likishafika kinena, nafasi inakuwa ndogo sana.

Nikalia, na si kwa furaha. Aliyetakiwa kuyasikia hayo ni mama.

Sina hasira na muuguzi peke yake. Nina hasira na wote waliojua ugonjwa huu ni wa nani kabla hawajatazama mguu. Na bado mnaandika hivyo humu, mko na simu mikononi.

Kwa hiyo leo kabla hujanijibu, vua viatu. Tazama nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha. Doa jeusi linalotanuka usilichimbe, lipeleke hospitali, na wakicheka nenda hospitali nyingine. Kisha rudi uandike hapa ulichoona, hata kunipinga.

Kama huwezi kuinama, mpe mguu mtu wa nyumbani kwako.