Mjusi Aliyepauka Mbugani

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu binti yangu anayekaa Butimba. Nyumba yake iko juu, penye mawe, na miguu yangu siku hizi haipendi kupanda. Nilipofika nikaketi barazani nipumue, na juu ya jiwe nyuma ya jiko nikamwona mjusi, kichwa chekundu, mwili wa buluu, ngozi ya zamani ikimning'inia ubavuni kama karatasi iliyolowa. Binti yangu akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikaitikia, lakini mawazo yalikuwa yamekwisha kwenda mbali.

Wewe wa rika langu utaukumbuka mwaka ule tulipoambiwa tuhamie vijiji vya ujamaa. Sisi tulikaa kando ya ziwa, kati ya Mwanza na Magu: bibi, mama na mimi. Baba alikuwa kibarua kwenye kinu cha pamba mjini, akija mara moja kwa mwezi. Nyumba yetu iliegemea jabali, na juu ya jabali hilo bibi alianika dagaa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa. Dagaa walileta nzi, nzi wakamleta mjusi. Bibi hakumfukuza. Alisema anayekula nzi wake anamfanyia kazi. Mjusi yule alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa na kukiinua, basi mimi kila asubuhi nikienda kuchota maji nilimpa shikamoo, naye akaitikia kwa kichwa. Nilimzoeza kwa panzi mpaka akawa anakuja kula mkononi mwangu.

Siku ya kuhama lori lilifika alfajiri. Mama alipakia vyungu, mikeka, majembe na kuku. Mimi nilimnasa mjusi wangu akiwa bado mzito kwa baridi, nikamtia ndani ya debe, nikafunika kwa kipande cha kanga. Bibi alipanda mwisho, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Kijiji kipya kilikuwa mbugani, mwendo wa nusu siku kutoka ziwani. Udongo mweusi, nyumba kwa mistari, wala hapakuwa na jiwe hata la kufanyia figa. Sisemi kwamba yote yalikuwa mabaya. Shule ilikuwa karibu, na bila shule ile nisingeweza kukuandikia haya. Lakini watu walichoka, rafiki yangu. Kulikuwa na shamba la kijiji, kisha shamba la nyumbani, kisha foleni ya kisimani, na jioni mama alisinzia na tonge mkononi. Bibi yeye aliacha kufanya lolote. Alilala mkekani akiangalia ukuta, na chakula akakigusa tu. Alisema amechoka. Hakusema amechoshwa na nini.

Mjusi naye, kabla wiki haijaisha, alikuwa amepauka akawa rangi ya majivu, wekundu na buluu vyote vimekwenda. Nilimpeleka kwa mwalimu wetu, kijana aliyetoka Bukoba. Alimtazama kwa makini, akanieleza kwamba mjusi dume wa aina ile hung'aa akiwa na joto na akiwa mahali pake. Akipata baridi au hofu, rangi hupotea. Alinishauri niwe namtoa juani asubuhi.

Nikafanya hivyo. Baada ya siku kadhaa ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande, ila vidoleni ikagoma, ikavibana mpaka vikavimba. Nilijaribu kuivuta, damu ikatoka, nikaanza kulia.

"Usimvute," bibi alisema kutoka mkekani. "Lete maji ya vuguvugu."

Akainuka. Akampakata mjusi, akaloweka kitambaa, akawa anakikanda kidole kimoja kimoja hadi ngozi ikalegea na kutoka yenyewe. Ilichukua asubuhi nzima, na ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono yake tangu tuhame. Mama aliporudi kutoka shambani akamkuta hivyo, akasimama mlangoni, kisha akapita jikoni akinyata kana kwamba kuna mtoto aliyelala.

Nilitumaini chini ya ngozi ile kuna buluu. Haikuwapo. Ngozi mpya ilikuwa ya majivu vilevile, safi zaidi tu. Jua likiwa kali buluu kidogo ilijitokeza mkiani, halafu ikafifia. Bibi alimwangalia siku tatu, akasema atamrudisha kule alikotoka. Nikakataa. Nikasema ni mjusi wangu.

"Ni wako," akanijibu, "ndiyo maana nakuomba."

Nikakubali. Alikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi kuomba ruhusa, maana waliokuwa wakirudi kwenye mahame, zile nyumba tulizoziacha, walimtia balozi matatani. Nilimbebea debe. Balozi alichungulia ndani, akasema akiulizwa atajibu kwamba mama huyu amekwenda kumwona mgonjwa.

Bibi aliondoka na fimbo yake, akarudi kesho yake jioni, miguu imevimba, debe tupu. Nikampokea kwa shikamoo, nikampa maji, na kabla hajamaliza kunywa nikamuuliza kama mjusi amepata rangi yake.

"Nilimweka juu ya jabali, akatulia tu, majivu yaleyale," alisema. "Sikungoja, mjukuu wangu. Jua lilikuwa limepanda na njia ni ndefu."

Akaomba ugali, akala. Asubuhi akachukua jembe, akatoka na mama. Aliishi mbugani miaka mingi baadaye, na huko ndiko alikozikwa.

Utotoni niliwaza sana kama mjusi yule aling'aa tena. Sasa nimezeeka, nawaza jingine. Katika sisi, bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuiona nyumba yetu. Mama alipopita huko baadaye hakukuta hata msingi. Je, bibi aliikuta imesimama? Aliingia ndani? Aliketi mahali? Jioni ile alikaa mbele yangu na kikombe cha maji, nadhani angenieleza yote kama ningemuuliza. Mimi niliuliza habari za mjusi tu.