Daftari la Wageni

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilijitolea katika chama kidogo mjini Kitale. Tulikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na asubuhi ukungu uliingia dirishani polepole hata nikahisi tunaelea. Kazi yetu ilikuwa kuwaeleza watu jinsi ya kuomba kuona rekodi za serikali, hasa za mashamba.

Siku moja mama mjane alikuja kutoka Naitiri. Alitaka kujua kama shamba lao bado lilikuwa kwa jina la marehemu mumewe. Niliandika jina lake katika daftari la wageni, nikamwandikia barua ya kupeleka ofisi ya ardhi Bungoma.

Wiki iliyofuata alikuja mwanamume aliyevaa koti. Akasema kwa upole, "Nataka tu kuona ni nani ameuliza habari za shamba lile la Naitiri."

Katibu wetu, mwalimu mstaafu, alifunika daftari kwa kiganja. "Habari za shamba kaulize ofisi ya ardhi, kama mtu yeyote. Aliyeuliza, hiyo ni siri yake."

Mwanamume akashuka ngazi. Katibu alichana kurasa zote zenye majina, tukazichoma kwenye jiko la chai, na tangu hapo hatukuandika jina la mgeni.

Mvua zilipokwisha, yule mama alirudi. Jina la mumewe bado lilikuwepo kwenye rekodi za shamba.

"Waliniacha niliguse kwa kidole," alisema, akitabasamu.