Jino Zima Lililong'olewa kwa Ubishi Wangu

Naitwa Prosper, mzaliwa wa Kibosho, na mdomoni nina meno thelathini na moja. La thelathini na mbili lilikuwa zima kabisa. Nalisema hilo mapema ili msije mkanisikiliza kama mtu mwenye busara. Mama ndiye aliyeniomba niandike ushuhuda huu kwa ajili ya jumuiya yetu, nami nimekubali kwa sharti moja: nisipambe. Sijawahi kuzipenda zile shuhuda ambazo mtu anaumwa Jumatatu, anaombewa Jumanne, Jumatano anaruka. Mimi niliumwa miezi minane, na mingi kati ya hiyo nilijitakia.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima, mla chochote. Nilimaliza chuo kikuu, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikibishana na Baba kuhusu migomba, kisha nikapata nafasi ya kujifunza uonjaji wa kahawa katika ghala moja mjini Moshi. Watu hudhani kazi hiyo ni kunywa kahawa na kulipwa. Si kunywa. Vikombe vinapangwa mezani, unachota kwa kijiko, unavuta kwa nguvu na kwa kelele, fyuu!, ili kahawa itawanyike mdomoni kote, unaonja, unatema ndooni, unasogea kwenye kikombe kinachofuata. Siku nzima ni fyuu na kutema. Baada ya miezi tisa kuna mtihani. Unawekewa vikombe vitatu vitatu. Viwili ni kahawa ileile, kimoja ni kahawa nyingine, na wewe utaje ni kipi. Ukifaulu unaajiriwa. Ukishindwa unashukuriwa na kurudi kwenye migomba ya Baba. Kwa hiyo maisha yangu yote wakati huo yalikuwa yanategemea mdomo.

Nilianza kazi Juni. Julai taya likaanza.

Nilipanga chumba mtaa wa Rau, hapohapo mjini, na rafiki yangu Baraka, mtu wa Singida, fundi wa simu. Asubuhi moja aliniuliza, kwa jina analowaitia Wachaga wote, "Mangi, ulikuwa unasaga nini usiku? Nimeota niko mashineni na debe la mahindi." Nikacheka. Wiki iliyofuata sikucheka tena. Nilikuwa naamka na maumivu kwenye mapanja yote mawili, kana kwamba kuna mtu amenikaba kichwa kwa mikono. Kisha sikio la kushoto likaanza kuuma kwa ndani. Kisha, kila nikipiga mwayo, taya lilitoa mlio, ka!, ambao Baraka aliusikia akiwa upande wa pili wa chumba.

Nilimpigia Mama.

"Kusaga meno ni minyoo, mwanangu. Kila mtu anajua."

"Mama, nani kathibitisha?"

"Minyoo yenyewe. Meza dawa uache maswali."

Nikameza. Sikuamini, lakini nikameza, maana kubishana na Mama kwenye simu huchukua muda mrefu kuliko tiba. Mwezi uliofuata akaniuliza kama bado nasaga. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni minyoo sugu, nimeze tena. Dukani nikauziwa dawa ya matone ya sikio. Jirani akaniambia nitafune bigijii ili taya lipate nguvu. Hilo, kwa aibu yangu kubwa, nililiona la kisayansi. Msuli si hukua kwa mazoezi? Nikatafuna bigijii wiki tatu. Taya likavimba.

Septemba maumivu yakahamia kwenye gego la chini, kushoto, la mwisho kabisa. Au mimi ndiye niliyeamua kwamba yamehamia huko. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakachoka, na kila niliposoma nilizidi kuwa na uhakika: jino limeoza kwa chini, mahali pasipoonekana. Nikaenda kwenye zahanati. Kijana aliyenipokea alilichungulia kwa kioo, akaligonga, akalipulizia hewa.

"Kaka, sioni tundu. Jino hili halina tatizo."

"Linaniuma."

"Inawezekana maumivu yanatoka mahali pengine. Ningependa tupige picha kwanza, halafu umwone daktari wa meno."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, nami nikaupita bila kuingia. Nilimwuliza amesoma miaka mingapi. Nilimwuliza, kama haoni tundu, anajuaje halipo? Nilimwambia mimi ndiye ninayeumwa. Alinitazama kwa upole ambao mpaka leo ukinijia nafumba macho. Sikumwona tena. Nilikwenda kwingine, na huko nikaingia na hukumu mkononi: jino hili, ling'oeni. Ukitafuta sana mtu wa kukung'oa jino, utampata. Walinichoma ganzi, likavutwa, likatoka na mizizi yake miwili mizuri kama ya mche uliostawi. Nikaligeuza kiganjani. Halikuwa na doa.

Maumivu yalipungua siku nne. Siku ya tano yakarudi palepale, pahali ambapo sasa hapakuwa na kitu cha kuuma.

Kwa mtu kama mimi, ambaye tangu sekondari nilikuwa naulizwa na walimu kama nitawahi kukubali jambo lolote bila ushahidi, hiyo ilikuwa aibu niliyoshindwa kumweleza mtu. Baraka nilimdanganya kwamba lilikuwa limeoza. Kazini niliendelea kuvuta kahawa kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, nikidhani hakuna anayeona.

Ikaja Krismasi. Kama mjuavyo, sisi Wachaga hata tuwe wapi, Desemba tunapanda mlimani kwetu. Mbuzi akachinjwa nyuma ya nyumba ya baba mkubwa Kanuti, kaka wa Baba. Wanaume tukasimama kuzunguka moto, na yeye akashika kisu. Hapo hakuna sahani. Mkubwa anakata, anakuita kwa jina, anakupa mkononi, unakula hapohapo mbele yake. Kukataa ni kusema una jambo na ukoo.

"Prosper! Msomi! Njoo uchukue."

"Shikamoo, baba mkubwa. Naomba kidogo tu, taya linanisumbua."

"Marahaba. Taya la kubishana halikusumbui, la kula ndilo linakusumbua?" Wote wakacheka. Akakata pande la ubavuni lenye mshipa, nusu limeiva, akanipa. "Tafuna. Mbuzi huyu ni dawa."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nikayabana nyuma ya meno, nikatafuna. Mara ya tatu nikasikia kitu mbele ya sikio kimeteleza, si ka! ile ya kila siku, bali mkwaruzo mzito, na maumivu yakapanda mpaka jichoni. Nikataka kufungua mdomo niteme. Haukufunguka. Ulibaki na mwanya wa kidole kimoja.

"Bafa bkubfa," nikasema.

"Mbege imemwingia mapema huyu," akasema baba mkubwa, akiisingizia pombe yetu ya ndizi.

Niliitoa nyama ile kwa vidole, uzi mmoja mmoja, nyuma ya zizi, machozi yakinitoka. Jambo la ajabu, tangu saa ile ule mlio wa ka! ulitoweka. Nikajidanganya kwamba labda nimepona, bado tu kufunguka.

Siku nne zilizofuata Mama alinilisha mtori. Kwa wasioujua, ni ndizi na nyama vilivyopondwa vikawa uji mzito, na kwetu ndicho chakula cha mwanamke aliyejifungua. Kila aliyepita kusalimia aliniona na bakuli. Dada yangu Hepi hakuniacha hata mlo mmoja: "Hongera, mzazi! Umepata wa kike au wa kiume?" Kwa mwanya wa kidole kimoja huwezi kumjibu mtu kama Hepi. Mama naye akawa amefungua siku tisa za sala kwa ajili yangu, na kando ya rozari ameweka, mjue tu, dawa ya minyoo.

Januari nikaenda hospitali mjini Moshi kumwona daktari wa meno. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mpare, na alipoona jina langu akasema, "Mtani wangu Mchaga, umekuja umefunga mdomo? Leo nitaongea mimi." Nikampenda na kukasirika kwa pamoja.

Hakuanza na meno. Aliniwekea vidole viwili mbele ya masikio, akaniambia nifungue kadiri ninavyoweza, nifunge, nifungue. Akaniambia nijaribu kuingiza vidole vyangu mdomoni kimoja juu ya kingine. Vitatu ndiyo kawaida. Kwangu kiliingia kimoja na nusu. Kisha akabonyeza shavu la kushoto, pale kwenye msuli unaotuna ukiuma meno. Nusura nimpige teke.

"Hapo ndipo panapouma?"

"Hapo! Hapo hasa!"

"Hapo hapana jino," akasema.

Akachungulia ndani kwa taa. Akanionyesha kwenye kioo magego yangu yaliyolainishwa juu kama mawe ya mtoni, na kingo za ulimi wangu zilizojaa alama za meno. Alipofika kwenye pengo akauliza, "Na hili nani alikwambia ling'olewe?"

"Mimi."

Hakunicheka. Ningefurahi kama angecheka. Alinieleza kwamba kwenye kiungo cha taya kuna kisahani laini kinachoteleza mfupa unapotembea. Nilikuwa nakibana usiku kwa kusaga na mchana kwa kukaza. Ule mlio ulikuwa kisahani kikitoka na kurudi mahali pake. Ulipokoma, kilikuwa kimetoka na kukataa kurudi. Maumivu ya msuli hutembea, akasema, yanaweza kujidai ni sikio, yanaweza kujidai ni jino.

"Una msongo wowote wa mawazo?"

"Hapana."

"Sasa hivi meno yako yanagusana?"

Yalikuwa yamekazana kama mlango wenye komeo. Nilikuwa nimekataa kuwa na msongo huku nimeuma meno.

Tiba yenyewe haikuwa na muujiza wowote, na hilo liliniudhi zaidi. Kitambaa cha maji ya moto shavuni mara tatu kwa siku. Dawa ya maumivu kwa siku chache. Vyakula laini, yaani mtori tena. Bigijii marufuku. Mazoezi ya kufungua mdomo polepole mbele ya kioo, ulimi ukiwa umegusa juu. Na sheria moja ya saa zote: midomo ikutane, meno yaachane. Nilibandika lebo za sampuli za kahawa kwenye kioo, kwenye simu, mpaka kwenye mlango wa choo, zote zimeandikwa "ACHANISHA". Wageni wa Baraka walidhani tumegombana.

Baada ya wiki tano mdomo ulifunguka vya kutosha kupitisha kile chombo cha kuchukulia umbo la meno, kimejaa uji mzito wa rangi ya waridi unaokufanya utake kutapika. Kutokana na umbo hilo wakamimina meno yangu ya plasta, na juu yake wakanitengenezea kinga: plastiki ngumu, angavu, inayovaliwa usiku ili meno yasagane na plastiki, si yenyewe kwa yenyewe.

Vita iliyobaki ilikuwa ya kazini, na mtihani ulikuwa Machi. Wiki ileile ya Januari niliyomwona daktari nilikwenda kwa Mzee Aloyce, mwonjaji mkuu, nikamwambia ukweli wote, pamoja na jino.

"Nilikuwa nasubiri utakuja lini," akasema. "Miezi yote hii unavuta kahawa kama bibi harusi mbele ya wakwe. Nilidhani huipendi."

"Naomba mtihani usogezwe, mzee."

"Mtihani hausogei. Ila mpaka siku hiyo hutavuta. Utakaanga sampuli na kunusa. Uupumzishe huo mdomo."

Nilinusa wiki saba. Nilinusa mpaka nikajua mambo ambayo kwa kuvuta tu nisingeyajua. Siku ya mtihani niliweka vidole mdomoni mara ya mwisho: viwili na nusu, maumivu kidogo tu. Nikachota kijiko. Nikajiambia, achanisha. Fyuu! Sauti ikapiga ukuta wa chumba. Katika seti zote nilikosea moja. Mzee Aloyce alipita nyuma yangu akanong'ona, "Sasa naisikia." Nimeajiriwa tangu siku hiyo.

Sijaacha kusaga kabisa. Kila asubuhi naitazama kinga, na ukinikuta katika mwezi wenye mambo mengi utaona mikwaruzo. Lakini kichwa hakiumi, sikio limetulia, na vidole vitatu vinaingia. Mama anasema ni zile siku tisa za sala. Daktari anasema ni mazoezi. Mimi nilivipata vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo jaribio langu limeharibika na siwezi kuwathibitishia lolote. Nawashukuru wote wawili. Namshukuru hata yule kijana wa zahanati, na nikimpata nitamwomba radhi.

Wewe unayeamka kichwa kinauma na taya limechoka, usianze na jino. Gusa shavu lako kwanza. Angalia sasa hivi, unaposoma hapa, kama meno yako yanagusana. Na akikwambia mtu mwenye kioo mkononi kwamba haoni tundu, mwulize anadhani maumivu yanatoka wapi, kisha ufanye lile gumu kuliko yote: subiri jibu.

Daktari alinipa yale meno ya plasta nikaondoka nayo. Mama aliyachukua, akayaweka kabatini kati ya glasi za harusi yake na sanamu ya Bikira Maria, ili wageni wayaone na kumshukuru Mungu. Wanayaona. Wanayageuzageuza, wanaliona lile pengo, wanauliza lile nalo liliondoka kwa sababu gani. Mimi hufungua mdomo nieleze yote, tangu mwanzo, kwa utaratibu. Mama huwa ameshanitangulia.

"Minyoo," anawaambia.